Uzani Ulioshuka Wenyewe

Mtu wa kwanza kunipongeza kwa kuugua alikuwa kocha wangu.

Nilikuwa nimesimama juu ya mizani kwenye jimu yetu pale Mtito Andei, ambayo kusema kweli ni ghala la zamani la saruji nyuma ya kituo cha petroli. Kocha Mulwa aliinama, akasoma, akafuta kioo cha mizani kwa kidole, akasoma tena. Halafu akanishika mkono kama mzazi aliyeletewa ripoti nzuri ya shule.

"Musyoka," akasema, "sasa naona umeanza kuichukulia hii kazi kwa uzito."

Mimi ni bondia wa kulipwa, uzani wa kruza. Hao ni wanaume wakubwa ambao si wakubwa kabisa. Ukizidi kilo tisini na kitu kidogo unatupwa kwa wazito wenyewe, ambako nimeona watu wakipigwa na watu wenye umbo la nyumba. Jina langu la ulingoni ni Nzou, maana yake ndovu kwa Kikamba, na ukiishi Mtito, ambako ndovu wa mbugani huja kuvunja nyua za watu, hupewi jina hilo kwa kubahatisha. Miaka yote ya ngumi nimepigana na chapati kwanza, mpinzani baadaye. Kila pambano likikaribia nilikimbia kandokando ya barabara ya Mombasa nimevaa koti la mvua, jua likiwaka, na madereva wa malori wakinipigia honi wakidhani nimerukwa na akili.

Lakini safari hiyo kilo zilikuwa zinaondoka zenyewe, bila koti na bila kufukuzwa. Nilikuwa nimepata pambano la mkanda wa ubingwa, Mombasa, baada ya mvua ya masika, na mpinzani wangu alikuwa Mtanzania mmoja wa Tanga aitwaye Rajabu. Ndiyo maana kila mtu alifurahi. Majirani walisema nimependeza. Mchungaji alisema nidhamu ni tunda la roho. Nilikohoa, Kocha akasema ni vumbi la saruji. Nilichoka, akasema ni mazoezi yanaingia.

Aliyekataa kufurahi ni mmoja tu, mke wangu Mwende. Mwende ana hoteli ndogo kando ya barabara, chai, chapati, madondo ya maharagwe, na nyama siku zikiwa nzuri, na mtu wa hoteli huwa anajua habari za watu kwa kuangalia sahani.

"Baba Ndanu, umebakisha chapati," alisema.

"Niko kwa mazoezi."

"Umekuwa kwa mazoezi tangu unioe, na hujawahi kubakisha chapati." Akaondoa sahani. "Halafu hizo shuka naanika kila asubuhi kama mama mwenye mtoto mchanga. Jasho gani hilo, na wewe umelala tu?"

Nilimwambia ni joto la Mtito. Alinitazama kwa yale macho anayomtazamia mteja anayesema ataleta sahani kesho.

Mambo yalifumuka siku ya sparingi, zile ngumi za mazoezi. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Kioko, kijana wa kuziba pancha, mwembamba, mwepesi, ambaye kwa kawaida nilikuwa naambiwa nisimuumize. Tulizunguka kidogo. Nikasikia kifua kimejaa kama gunia lililofungwa vibaya, nikapiga goti, nikakohoa, na kinga ya meno ikatoka na damu.

Kocha aliruka kamba akamvaa Kioko. "Nimekwambia umguse pole pole! Mtu ana mkanda wa kupigania!"

Kioko alikuwa amesimama kwenye kona na mikono yote miwili hewani. "Kocha, mimi sijamgusa bado."

Sote watatu tuliangalia ile damu sakafuni. Ni Kocha aliyeanza kurudi nyuma, na huyo ni mtu ambaye sijawahi kumwona akirudi nyuma.

Hospitalini, ukisema unakohoa, hukai na wengine. Unaelekezwa kwenye benchi la nje, upande wa upepo, chini ya paa la mabati, pamoja na wakohozi wenzako. Ni benchi lenye heshima ya ajabu. Kila mtu anakohoa akigeukia upande wake, halafu anaomba radhi. Karibu nami alikaa mzee aliyevaa kofia ya sufu, akanichunguza kwa muda.

"Unafanana na yule bondia, Nzou."

"Ni mimi, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapana. Nzou namjua. Nilimwona kule mjini Wote akimpiga jamaa wa Thika. Nzou ni mtu mkubwa." Akanipigapiga goti kwa huruma. "Lakini kama ni ndugu yako, umsalimie."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilisema nitamsalimia.

Mhudumu aliyetushughulikia aliitwa Sista Ndinda, mwanamke mfupi ambaye glavu zake zingebana hata mkono wa mtoto. Alinipa kikopo chenye kifuniko, akanionyesha mahali pa kwenda nyuma ya jengo, akaniambia nilete makohozi. Nilirudi baada ya muda nikiwa nimejitahidi. Akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni mate. Rudi. Vuta pumzi, kohoa kutoka chini, lete kitu cha maana."

Naomba ieleweke kwamba sehemu ya kazi yangu ni kutema kwenye ndoo mbele ya umati. Sijawahi kukosolewa. Nilirudi nyuma ya jengo nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefeli mtihani wa mdomo, nikakohoa kutoka chini.

Majibu yalipotoka, Sista aliniingiza chumba chenye madirisha wazi, akaniambia ni kifua kikuu. Alisema kinatibika, miezi sita, dawa kila siku bila kuruka. Alisema na mambo mengine mengi, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja.

"Na pambano langu la Mombasa?"

"Pambano gani?"

"La mkanda. Na Mtanzania."

Akaweka kalamu chini. "Kwa wiki hizi za kwanza sitaki umkoholee hata bibi yako, sembuse Mtanzania. Umemkosea nini huyo mtu?"

Kisha akanipandisha kwenye mizani yao. Nilikuwa nimetoka kruza, nikapita madaraja yote yanayofuata, nikasimama karibu na mahali ambapo watu hujiita uzani wa kati wakiwa wameshiba. Kuna mabondia mashuhuri ambao hujisifu kwamba wamepitia madaraja kadhaa. Mimi nimeyapitia bila kurusha ngumi hata moja.

Sasa niseme lile la nyumbani, maana wewe unayesoma hili umeketi kwenye benchi kama lile pengine unaliogopa kuliko dawa.

Nilimwambia Mwende jikoni kwake, mimi nimesimama mlangoni na barakoa, yeye akikata vitunguu. Aliendelea kukata. Siku iliyofuata alimpeleka mtoto wetu Ndanu kupimwa, akapimwa na yeye, wote hawakuwa na ugonjwa, na mtoto akapewa dawa ya kumkinga. Lakini habari ilikuwa imeshafika kituo cha malori kabla ya majibu hayo. Madereva waliozoea kuegesha pale wakawa wanavumilia njaa mpaka mji wa mbele, Kambu. Sufuria ya madondo ilikuwa inarudi nyumbani imejaa.

"Enda Tawa kwa mama," Mwende aliniambia. Hakuniangalia. "Ukae huko mpaka dawa ishike."

Nilipakia begi langu la mazoezi. Nilijiona kama gunia la mahindi lililoonekana na funza, linalotolewa ghalani lisiambukize mengine. Hakunisindikiza hadi barabarani. Jambo hilo lilinikaa kifuani kuliko ule ugonjwa wenyewe.

Mama yangu anaishi juu kidogo ya soko la Tawa, analima mbaazi, ndengu na mahindi, na anaimba sauti ya kwanza kanisani. Aliponiona nikishuka, alishika kichwa kwa mikono miwili, halafu akakumbuka kwamba mgonjwa haonyeshwi hofu, akaishusha.

"Karibu, mwana wangu. Umekuja na mizigo mingine?"

"Ni hii tu, Mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Nilidhani mwili wako unakuja na gari la nyuma."

Nilicheka, na kicheko kikanikalisha chini.

Wiki za kwanza sikuweza kuinua ndoo ya maji. Mama alinipashia maji, akaweka kiti nyuma ya nyumba, akanisugua mgongo kwa sabuni ya kufulia na kipande cha gunia akiimba. Mgongo huu umegongwa na wanaume wa nchi nne. Hakuna aliyewahi kuuumiza kama yule mama na kile kipande cha gunia. Lakini niseme pia kwamba nilifumba macho nikakaa pale nikiwa mtoto tena, na wala sikuona aibu.

Halafu ikaja asubuhi ya mkojo. Sista alikuwa ameniambia, nina hakika, lakini wakati akisema mimi nilikuwa Mombasa na Rajabu. Niliingia chooni, nikaona kitu chekundu chekundu cha rangi ya machungwa, nikajua figo zimekwisha. Nilitoka nje nimeshika suruali, nikamwita mama, nikamwambia aite mchungaji.

Mama alichungulia. "Hii ni ile soda ya harusi," akasema.

"Mwaitu, ninakufa."

"Mtu anayekufa hapigi kelele hivyo." Akapiga simu kwa Sista Ndinda, ambaye alicheka upande ule hadi nikamsikia. Ni rangi ya dawa tu. Hata machozi yanaweza kuwa hivyo, akasema, kwa hiyo usilie umevaa shati jeupe. Nawaambia nanyi mapema, ili mchungaji wenu abaki na kazi zake.

Dawa nilimeza kila asubuhi mama akiwa mbele yangu na kikombe cha uji. Hakuamini kumeza. Alitaka nifungue mdomo, niinue ulimi, nigeuze shavu huku na huku, naye akichungulia kama mnunuzi wa punda sokoni. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, nimepigana Uganda. Akasema Uganda hawakukuchunguza vizuri.

Kocha Mulwa alikuja kuniona mara moja. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akaketi mbali katikati ya mbaazi, na tukazungumza kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Jirani mmoja alitoka nje akafuatilia mazungumzo yote, akauliza pale ambapo hakusikia. Kocha alinieleza kwamba pambano limepewa mtu mwingine, na kwamba Rajabu ameomba namba yangu.

"Ya nini?"

"Sijui. Nimempa."

Rajabu alipiga jioni hiyohiyo. Sisi wa barabara ya Mombasa Kiswahili chetu ni cha kufika mahali. Chake kilikuwa cha kukaa na kustarehe.

"Habari za masiku, ndugu yangu. Pole sana kwa mtihani. Nimepata taarifa, nikaona si uungwana kukaa kimya. Vipi, wajionaje?"

Nilidhani ananipima kama nitarudi kupigana. "Niko tu," nikasema. "Nameza dawa."

"Meza, ndugu yangu, wala usichoke. Maradhi hayo hata mimi yalinilaza, zamani, kabla sijavaa glavu. Nilikonda nikawa kama uzi."

"Na ulipona?"

Alicheka taratibu. "Kwani wewe ulikuwa wajiandaa kupigana na nani?"

Nilikuwa na picha ya huyo mtu kwenye simu yangu. Kocha aliniambia niitazame kila asubuhi ili nipandwe na hasira. Ana mabega kama mlango wa ghala. Nilikaa nimeitazama picha ile kwa mara ya kwanza bila hasira yoyote, nikihesabu misuli yake kama mtu anayehesabu mifugo atakayorithi. Tangu siku hiyo alikuwa ananitumia ujumbe mara kwa mara, kuuliza kama nimemeza, kama nimekula. Sijawahi kusikia bondia aliyelelewa hivyo na mpinzani.

Ilipofika ile baridi ya katikati ya mwaka, ukungu ukitanda vilimani mpaka mchana, vidonge vilipunguzwa na njaa ikarudi. Ilirudi yote kwa mpigo mmoja, ikiwa na madai ya nyuma. Mama hupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nilikula muthokoi asubuhi, muthokoi mchana, jioni nikauliza kama kuna muthokoi. Mama alificha ndengu za mbegu chini ya kitanda chake. Alisema ameshawahi kuweka dawa ya fuko na dawa ya nyani, lakini hajui dawa ya Musyoka.

Na hapo ndipo penye mtego wenyewe. Nilikuwa nimeshiba, kikohozi kimeisha, nikajiona mzima. Vidonge vikaanza kunichefua, nikamwambia mama, "Mwaitu, nimepona. Tuache hii kitu."

Hakukasirika. Alishika kile kikombe cha uji vilevile. "Wewe umepona. Huo ugonjwa haujaambiwa. Fungua mdomo."

Nikafungua. Usisikilize mwili wako katika miezi hiyo. Mwili ni kama bondia aliyeangushwa, ukimuuliza atakwambia yuko sawa.

Mwende alikuja ukame ukiwa umeanza, amemshika Ndanu mkono. Sista alikuwa ameshasema zamani kwamba siambukizi tena mtu. Ndanu alisimama uani akanitazama kuanzia viatu.

"Baba, na yule mwingine ako wapi?"

"Ako njiani," nikamjibu. "Anakuja kidogo kidogo."

Alikubali, akaenda kufukuza kuku. Mwende akabaki. Tulikaa kwenye magogo mama akijifanya hana masikio.

"Ulinifukuza," nikasema.

"Nilikuondoa." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso. "Watu walikuwa wanasimama mlangoni wanakuonyesha kidole. Ungekaa ungeona. Sikutaka uone." Kisha akasema, "Siku uliyoniambia, vitunguu vilikuwa vimeisha. Nilikuwa nakata ubao."

Nilimshika mkono, akaniacha nimshike. Baadaye mama akatokea na sufuria, akasema kama tumemaliza tule, ndengu zinapoa.

Nilimaliza dawa mvua ya vuli ilipoanza kunyesha. Nilipimwa tena, nikawa safi, nikarudi Mtito. Mwende alinikalisha kwenye hoteli yake, meza ya mbele kabisa, saa ya chai ya asubuhi. Kulikuwa na madereva wachache waliolazimika kwa sababu ya mvua. Nilipoingia, vijiko vilisimama.

Mwende akaniletea chai kwenye kikombe kikubwa. Nikanywa. Akakichukua kile kikombe mkononi mwangu, akageukia watu, akanywa palepale nilipokuwa nimeweka mdomo, polepole, mpaka nusu. Akanirudishia.

"Nani mwingine anataka chai?" akauliza.

Madereva walitazama mvua. Mama Zuhura, jirani yetu anayeuza vitambaa, ambaye familia yake ilitoka Lamu zamani, alikuwa amejikinga mvua mlangoni. Alivuka akaja akaketi kwenye meza yangu, akajitanda vizuri ushungi wake.

"Mimi nataka," alisema. "Na mahamri, kama si ya jana."

Dereva mmoja alicheka. Mwingine akaomba chapati mbili. Sisemi wote walirudi siku ile. Lakini madondo yaliisha.

Kurudi ulingoni kulichukua muda mrefu kuliko kupona. Daktari aliangalia eksirei ya kifua, akaniruhusu nianze kwa kutembea. Kamba ya kuruka ilinishinda. Kioko alinipita mbio akiwa amebeba tairi. Halafu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Kocha Mulwa aliniamuru nile chapati, maana sasa nilikuwa mwepesi mno kwa kruza, na nadhani jambo hilo lilimuuma. Alikuwa anazileta mwenyewe, zimefungwa kwa gazeti, akigeuka pembeni nikila.

Pambano la kurudi lilikuwa Kitui, alasiri, ukumbini, raundi nane na kijana wa Nakuru mwenye mkono wa kushoto mbaya sana. Mwende alikuja nami, na mama akaja kutoka Tawa na wanawake wa kanisani, akaketi mstari wa mbele, akageuza uso ukutani raundi zote. Kijana aliniangusha raundi ya tatu. Nilinyanyuka. Kuanzia raundi ya sita nilisikia pumzi inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani, na nilifurahi mpaka nikasahau kujikinga, nikala ngumi nyingine. Nilishinda kwa pointi, chache. Mama alimuuliza mwenzake, "Wamemaliza? Wetu ni yupi?"

Nikiwa chumba cha kubadilisha nguo, mlinzi wa ukumbi aliingia. Mwanaume mkubwa, mkubwa kuliko mimi, sare yake ikimpwaya shingoni. Alifunga mlango, akasimama.

"Nimesikia ulipata ile kitu ya kifua," alisema. "Na ukapona."

"Ndiyo."

"Niko na rafiki anakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu tuvune mbaazi."

"Anatoka jasho akilala?"

Alifikiri. "Sana."

"Na huyo rafiki ako wapi saa hii?"

Alitazama kofia yake, akaigeuza geuza mikononi. Nje watu walikuwa bado wanaimba.

"Ako hapa," akasema.

Mwende na mama walitangulia kurudi. Mimi nililala Kitui, na asubuhi tulienda hospitali na yule mlinzi, yeye na sare yake, mimi na jicho moja limevimba, tukaelekezwa kwenye benchi la nje, upande wa upepo. Watu walidhani mgonjwa ni mimi. Tulikaa muda mrefu. Hakutaka mazungumzo, kwa hiyo sikumpa. Jina lake lilipoitwa hakuinuka. Likaitwa tena.

"Enda," nikamwambia. "Mimi niko hapa."

Akavaa kofia, akainuka, akaenda.